Pumzi kukata baada ya UVIKO: kilichonisaidia

Homa ya UVIKO-19 ya mwaka 2021 iliisha, kikohozi kikabaki, na ngazi za ghorofa moja tu zikawa zinanikata pumzi. Zahanati niliyoanzia iliniandikia antibayotiki juu ya antibayotiki. Hazikusaidia kitu: haziui virusi, wala haziondoi uvimbe unaobaki.

Mambo yalibadilika nilipopata daktari wa kifua. Kipimo cha kidoleni kilisoma oksijeni asilimia 96 nikiwa nimekaa. Akaniambia nitembee koridoni nacho, ikashuka hadi 88. Hapo ndipo penye siri. Ukipimwa umekaa tu, unaweza kuambiwa uko salama. Makohozi yakapimwa kifua kikuu (kwetu hicho hakirukwi), ikahakikishwa hakuna damu iliyoganda kwenye mapafu, na picha ya CT ikaonyesha mapafu bado yamevimba kwa ndani, na makovu kidogo.

Alinipa prednisolone, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe huo, dozi ikipunguzwa taratibu. Usijinunulie duka la dawa: inapandisha sukari, na kuiacha ghafla ni hatari.

Nusu ya tiba ilikuwa mazoezi. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kuvuta pumzi puani, tumbo likipanda, kisha kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unapuliza chai ya moto. Nikawa natembea kila asubuhi, nikiongeza umbali kidogo kidogo. Oksijeni ikishuka chini ya 90, napumzika.

Kikohozi kiliondoka kwanza, pumzi ikarudi miezi baadaye. Picha ya mwisho bado ina makovu madogo chini kulia, na daktari amesema tuyaache yalivyo.