Tukingoja Maji Yapwe

Mama yangu hajawahi kuwa na saa. Usiku anatoka uani, anautazama mwezi, anahesabu kwa vidole, kisha anasema: "Kesho saa nne pwani kukavu." Na kesho yake saa nne asubuhi pwani ya Jambiani inakuwa kavu kweli, maji yamerudi nyuma hadi karibu na mwamba, na wanawake wanateremka na vigingi, kamba na tai-tai, vile vikamba vya kufungia miche, kwenda kufunga mwani. Kilimo hicho kilianza upande wetu wa Unguja mwaka 1989, lakini hesabu ya maji ni kongwe kuliko mwani. Bibi zetu walikwenda nayo kuchokoa pweza. Mwezi ukiandama, na mwezi ukipevuka, ni bamvua: maji yanajaa sana, yanakupwa sana. Katikati yake ni maji mafu. Na katika siku moja, kupwa kwa asubuhi na kupwa kwa usiku ni kama pacha, kimo kimoja.

Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma. Nilipohamia Marekani nilikwenda nayo bila hata kujua kwamba nimeyabeba.

Julai 2018 nilikuwa nakaa kusini ya Seattle, na mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka 16. Amezaliwa kule kule. Kiswahili anakisikia vizuri kuliko anavyokisema, lakini adabu ya nyumbani anayo yote. Kaka na mkewe walimlea hivyo. Skuli zilikuwa zimefungwa na kijana alikuwa hatoki chumbani. Nikamwambia kaka, nipe mtoto siku mbili, nimpeleke baharini. Si bahari ya mjini, ile ya bandari na feri. Nilitaka aione bahari iliyo wazi.

Hifadhi ya Taifa ya Olympic, magharibi ya Seattle, ilianzishwa mwaka 1938 kwa ajili ya milima na misitu yake. Ukanda wa pwani uliongezwa mwaka 1953, zaidi ya kilomita 100 za ufuo wa Pasifiki, na sehemu kubwa haina barabara wala nyumba. Wanaoipenda wanatembea na mzigo mgongoni: hema, chakula, maji, kila kitu. Ukifika kwenye ncha ya jabali inayoingia baharini una njia mbili tu. Ama uizunguke kwa chini maji yakiwa yamekupwa, ama upande juu msituni kwa kamba ushukie upande wa pili. Ncha nyingine hazizungukiki kabisa hata maji yakupwe vipi.

Kwa hiyo pale kituoni, tulipochukua kibali cha kulala porini, walitupa vitu viwili. Kwanza debe gumu la plastiki la kufungia chakula, kwa sababu dubu wapo, na rakuni, vinyama vya msituni vyenye mkia wa mistari, ni wezi wa kutisha. Pili walitupa karatasi ya maji, yenye saa na vimo vya kujaa na kupwa. Askari wa hifadhi aliyetuhudumia, mama wa makamo, aliigonga ile karatasi kwa kalamu mara mbili akatwambia tuisome kila siku kabla ya kuondoka. Nikaitikia kwa heshima. Moyoni nilisema mimi ni mtoto wa Jambiani.

Kijana ndiye aliyeisoma, garini, tukielekea La Push kwenye kijiji cha Waquileute, wenyeji wa asili wa pwani ile.

"Shangazi, maji ya chini asubuhi wameandika futi hasi mbili. Ya jioni wameandika mbili na nusu. Si hasi." Akafungua na ramani. "Na hapa kuna ncha moja inataka maji yawe chini ya futi moja ndiyo ipitike."

"Mwanangu, mwezi umeandama jana. Hizi ni siku za bamvua. Pakikauka asubuhi, jioni patakauka vilevile. Bibi yako alikuwa akiyajua haya kabla baba yako hajazaliwa."

Hakunijibu. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo. Nakiona kidole chake mpaka leo kikikipitisha kile kifungo. Mtoto aliyelelewa haambiwi mara mbili na shangazi yake.

Tulikuwa tumechelewa feri, ikawa tunaingia njiani saa kumi jioni. Njia ya kwenda Third Beach ni kama kilomita mbili za msitu, miti minene iliyovaa kuvumwani hadi matawini, na ardhi laini inayomeza sauti ya viatu. Unasikia bahari kabla ya kuiona. Kisha msitu unakatika ghafla na mbele yako kuna magogo, magogo ambayo sijapata kuyaona kwetu, mierezi mizima iliyong'olewa na mito na kurudishwa na mawimbi, mengine marefu kuliko jahazi, yamelaliana juu ya ufuo kama vijiti vya kuwashia moto. Mawimbi makubwa yanaweza kuyainua. Watu wamekufa kwa hayo magogo, na ndiyo maana wanaonya usiyakalie maji yakiwa juu.

Mwisho wa kusini wa ufuo kuna maporomoko yanayoanguka kutoka juu ya jabali moja kwa moja pwani. Karibu yake, kwenye mti, kuna kibao cha duara chenye rangi nyekundu na nyeusi. Hicho ndicho kinachokwambia: panda hapa. Ncha hiyo, Taylor Point, ni katika zile zisizozungukika. Tukapanda kwa kamba na ngazi zilizolazwa kwenye udongo, mimi mbele, yeye nyuma akinisukumia begi. Juu kule tope lilitufika vifundoni. Kijana alikuwa amebadilika. Alikuwa anacheka, anapiga picha konokono wa rangi ya ndizi mbivu, ananiuliza Kiswahili chake ni nini. Nilimwambia konokono ni konokono tu. Nilifurahi hadi nikasahau saa.

Tulishuka upande wa pili, tukapita ncha ndogo bila tabu, na kama saa mbili usiku tukafika kwenye ile ya kwenye ramani. Julai kule jua linazama baada ya saa tatu, mwanga bado ulikuwepo. Nikautazama mguu wa jabali. Maji yalikuwa yamelifunika.

"Tukae," nikasema. "Bado yanakupwa."

Tukavua mabegi tukakaa kwenye mwamba mkavu. Nilichagua alama: jiwe lenye pua, umbali wa hatua kama kumi. Mama hufanya hivyo. Unaangalia jiwe, likianza kuonyesha miguu unajua maji yanaondoka. Nikamweleza kijana, akalitazama na yeye. Mbele yetu majabali marefu yalisimama baharini peke yao, mengine na miti kichwani, na ndege weusi wakirudi kulala. Tulikula tende. Jiwe langu halikuonyesha miguu. Likaonyesha kiuno, likakaa pale. Nikasema bado. Baada ya muda nikasema tena bado, na nilijisikia sauti yangu imekuwa ya mtu anayeomba.

Kijana hakuitoa ile karatasi. Alijua. Saa mbili na dakika ishirini ndiyo yalikuwa mwisho wa kupwa, na mwisho wake ulikuwa pale pale kwenye kiuno cha jiwe. Mimi nilikuwa nangoja bahari ya nyumbani ije kunitoa.

Kilichofuata ni kosa langu na sina wa kumgawia. Kiza kilikuwa kinakaribia, niliogopa kupanda kwa kamba usiku na mtoto wa watu, nikaona ncha yenyewe fupi, labda hatua arobaini. Nikasema tupite haraka kati ya mawimbi. Tukaingia. Maji yale si baridi ya kusema "brr", yanakushika mfupa. Yalitufika magotini, kisha mapajani, na chini kulikuwa na mawe ya mviringo yenye utelezi. Wimbi la kwanza likatuegemeza kwenye jabali. La pili lilinitoa miguu. Nilikamata mwamba uliojaa kome, na kome wa kule wana makali. Alama ninayo kiganjani, mstari mweupe chini ya kidole gumba. Nikasikia mkono umenishika kamba ya begi kwa nyuma ukanivuta.

"Shangazi, turudi! Rudi!"

Lilikuwa jambo la kwanza aliloniamrisha maishani mwake. Nikarudi.

Kule mchangani nilikuwa natetemeka na siwezi kufungua zipu. Yeye ndiye aliyenivua koti lililolowa, akanivika lake kavu, akanifunga kiganja kwa soksi safi. Halafu akachukua tochi akatembea ukingoni mwa magogo akimulika miti, mpaka mwanga ukagonga duara jekundu na jeusi. Ile njia ya juu ilikuwepo muda wote, nyuma yetu, wakati sisi tumekaa tunalitazama jiwe.

Tulipanda. Kamba ilikuwa imelowa, mkono mmoja haunisaidii, yeye alitangulia akawa ananitajia pa kukanyaga. Juu kabisa miti ikafunguka upande wa magharibi, na mwezi mwembamba kama ukucha ulikuwa umekaa juu ya Pasifiki, karibu kuzama. Nikasoma dua ya mwezi mwandamo, kama anavyosoma mama. Kijana aliisikiliza hadi mwisho, akasema amina.

Usiku ule ndani ya hema, baada ya chai, nilimwomba ile karatasi. Aliifungua juu ya begi la kulalia, akanifundisha. Kule pia maji yanakupwa mara mbili kwa siku, lakini mara mbili hizo hazilingani. Kuna kupwa kukubwa na kupwa kudogo, na sifuri ya karatasi ni wastani wa kule kukubwa. Mwezi ukiwa mbali na mstari wa ikweta, bahari ile inaitika mvuto wake kwa kutolingana. Bahari yetu karibu hailijui jambo hilo. Tena wakati wa kiangazi kupwa kukubwa kunaangukia asubuhi, na kipupwe kunahamia usiku. Siku za bamvua ndiyo kwanza tofauti inaweza kuwa kubwa. Kwa hiyo mwezi nilikuwa nimeusoma sawasawa. Nilikosa kuijua bahari.

"Kwa nini hukuniambia tena?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. "Ulisema bibi anajua."

Sikulala mapema. Nilisikia maji yakijaa, na magogo yakigusana huko chini kwa sauti nzito kama milango inayofungwa mbali. Nikawaza ni mara ngapi mtoto yule amewahi kujua jambo mezani kwetu akalitia mfukoni na kufunga kifungo.

Asubuhi yake ndiye aliyeniamsha. "Shangazi, saa tatu na dakika kumi maji yatakuwa hasi mbili. Twende tuone ile ncha."

Tukaenda. Pale tuliposimama jana tumeegemezwa ukutani, palikuwa mchanga na mawe makavu yanayonuka mwani. Mtu angepita na kanzu nyeupe. Jiwe lenye pua lilisimama kwa miguu yake yote miwili, na chini yake kulikuwa na kidimbwi, na katika kidimbwi viumbe vya kijani vyenye vidole vinavyojifunga ukivigusa. Kwenye ukuta wa jabali tuliona viti vya pweza vitatu, wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota, viwili vya zambarau na kimoja cha rangi ya chungwa, vikubwa kama sahani. Zamani vilikuwa vingi zaidi. Tangu mwaka 2013 maradhi yaliwapitia wale wanyama pwani nzima ya magharibi, wakawa wanayeyuka mikono.

"Hiki kwa Kiswahili nini?"

"Kiti cha pweza."

Akacheka, akaviangalia upya. "Basi pweza mwenyewe yuko wapi?"

Hilo nililijua. Nikamwambia asitafute pweza, pweza haonekani. Atafute uchafu wa mlangoni kwake. Tukatembea polepole ukingoni mwa maji, mimi nimeinama kama nilivyokuwa nikiinama nyuma ya mama, mpaka nikaona magamba ya kaa, meupe, mapya, yamerundikwa mbele ya ufa chini ya jiwe. Jiwe lenyewe halina kitu. Lakini kaa hafi mara sita mahali pamoja.

"Chutama," nikamwambia. "Usitie kivuli. Wala usiguse, hapa si pa kuvua."

Tukachutama wote wawili. Muda ukapita, miguu ikafa ganzi. Kisha ndani ya ufa kitu kilichokuwa jiwe kikafumba na kufumbua jicho, na ncha ya mkono mwekundu, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, ikatoka, ikagusa gamba moja la kaa, ikalisogeza kando kidogo. Kijana alishika mkono wangu wenye kidonda, nami sikuutoa.

Sijui tulikaa pale muda gani. Yeye ndiye aliyeinua kichwa kwanza, akatazama jiwe lenye pua, akatazama saa yake, akafungua kifungo cha mfuko.

"Shangazi," akasema, "yamegeuka."

Nikainuka pale pale.