Jinsi nilivyotatua ripoti za stoo na mauzo kugoma kulingana
Wakuu, hatimaye bosi kakubali tubadili mfumo. Kila mwisho wa mwezi stoo na mauzo wana hesabu tofauti, tukaongeza kompyuta, tukafanya semina, wapi! Kilichosaidia nilichukua oda moja tu nikaifuata toka kwa mteja hadi kwa mhasibu, kila meza wanaichapa upya kwenye Excel yao, na hapo ndo nikaona bidhaa namba 00457 imegeuka 457, maana Excel inakula sifuri za mbele kama seli (kile kisanduku unachoandikia) hujaiseti iwe maandishi, so mzigo mmoja unasomeka bidhaa mbili. Bosi alipoona anaagiza mzigo kwa takwimu zisizo sahihi hakubisha tena. Sasa tuna databesi moja, namba ya bidhaa ni maandishi, oda inaingizwa mara moja tu, hairudiwi, na wote wanaiona.