Siku moja kwenye kliniki ya wajawazito, Wete

Saa 12 asubuhi. Chai ya rangi, boflo la jana, halafu mbio njiani. Msimu wa karafuu umeingia, majamvi yametandikwa ukingo mzima wa barabara. Mimi napenda harufu hiyo. Wenye mimba changa watanilalamikia kuwa inawatapisha.

Saa 2. Waliolala bila kula natangulia kuwapima sukari. Mmoja kanywa chai, "kidogo tu, nesi." Kesho arudi.

Saa 3. Wananyweshwa glukosi gramu 75. Sukari kwenye damu ikifika 5.1 mmol/L kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya mbili, hata kimoja tu, basi ni kisukari cha mimba.

Saa 5. Aingia niliyekuwa namngoja, mimba ya nne, wiki ya 20, kafuatana na mama mkwe. Daftari lake la asubuhi linasema 5.9, 6.1, 5.8. Baada ya kula, namba ni nzuri.

"Anakula tende kwa siri," mkwe asema.

"Hapana, mama. Angekula tende, sukari ingepanda baada ya kula."

Hii inapanda amelala. Usiku ini humwaga sukari kwenye damu, na homoni za kondo la nyuma huizuia insulini yake, ile inayoshusha sukari, isifanye kazi. Ubwabwa kashaacha, chajio chake ni dagaa na mchicha. Atapunguza nini tena?

Nafunua kadi. Mimba iliyopita alikuwa na sukari. Mama yake mzazi anayo. Uzito ulikuwa mkubwa kabla hajashika mimba. Na safari hii imeonekana mapema, kabla ya wiki ya 24. Wa namna hii ndio mara nyingi huishia kwenye insulini, ingawa nimewaona wenye yote hayo wakajifungua bila sindano hata moja. Aliyetoka kabla yake, mimba ya kwanza, wiki ya 27, asubuhi ana 4.8, kwake kupunguza wali na kutembea jioni kumetosha.

Daktari anaandika insulini ya usiku. Mama wa watu machozi yanamlenga.

Saa 7. Namfundisha kujipiga. Anauliza kama dawa itamfika mtoto. Namwambia sukari ndiyo inayopita kwenye kondo ikamnenepesha mtoto tumboni, insulini haipiti. Akijifungua, kwa kawaida tunaiacha, ila arudi kupimwa baada ya wiki 6 hadi 12. Friji hana, jirani ana friza. Friza namkataza kabisa: ikiganda imeharibika. Ataitia kwenye kopo lililofungwa vizuri, ndani ya mtungi wa maji, kivulini.

Saa 9. Ripoti. Tuipite.

Saa 3 usiku. Simu inalia, ujumbe wake: "Nishajipiga, nesi. Haiumi kama maneno ya mkwe."