Leo Umekoga Wewe?

Juzi usiku kwenye grupu la wazazi, mwalimu wa darasa katangaza kwamba pesa za ziara ya Fort Jesus mwisho ni Ijumaa. Dakika haikwisha, baba mmoja akajibu kwa stika. Stika yenyewe ni mimi. Hakujua, maana mle ndani mimi ni Mama Salma tu, na picha yangu ya wasifu ni ua. Salma alikuwa ameniegemea begani. Akaichungulia simu, akaniuliza, "Mama, kwani hapo ulikuwa umeulizwa nini?"

Watu huniuliza kama ni mimi kweli. Huniuliza nililipwa pesa ngapi (hakuna). Mabinamu zangu huniomba niufanye ule uso harusini, mbele ya wageni. Nilichoulizwa jioni ile, hawana haja nacho.

Ilikuwa mwanzo wa 2019, kaskazi imekaza na mifereji imekauka. Mlio kisiwani hamhitaji kuelezwa. Mombasa haina mto wake. Maji yetu hutoka mbali, mengine Mzima Springs kule Tsavo, mengine Baricho kando ya mto Sabaki, na huko kukiharibika jambo, huku tunarudi kwenye visima vya mababu. Visima vyenyewe vina chumvi. Sabuni kwenye maji yale haitoi povu, inakugandia mwilini tu, ukitoka bafuni unajuta kuingia.

Kwangu Tudor mfereji ulikuwa ukitoa hewa. Bosi akanituma Kibokoni nikaripoti mubashara kwenye taarifa ya saa moja, kuhusu shida hiyo hiyo ya maji. Nikajifuta kwa kitambaa nilichokilowesha kwa maji ya chupa, nikapaka poda, na kwa vile sikuwa na imani na kitambaa, nikajifukiza udi. Mwingi. Nilishuka kwenye tuktuk nanukia kama bi harusi.

Kichochoro kilikuwa kimejaa mitungi ya njano, ile ya lita 20 iliyotoka na mafuta ya kupikia, mingine haina kifuniko, imezibwa kwa karatasi ya nailoni iliyosokotwa. Mitungi ndiyo iliyokuwa kwenye foleni. Wenyewe walikaa barazani na kila mmoja alijua wake. Mpiga picha akawasha taa, wadudu wakaja, watoto wakaja. Nilimchagua bibi mmoja wa buibui aliyekaa karibu na kisima, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuniangalia. Alikubali kuzungumza kwa sharti nisimsimamishe.

Kwa hiyo nilichutama. Hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu sasa pua yake na shingo yangu zilikuwa pamoja.

Studio wakanikabidhi. Nikasema ya kusema, nikamgeukia, nikamuuliza swali tunalouliza sote: "Bibi, hali ikoje hapa mtaani?" Nikamsogezea maikrofoni. Akanyamaza kwanza. Nikamwona anavuta hewa, mara moja, halafu tena, taratibu, vile mtu anavyonusa mchuzi kabla ya kuutia chumvi. Akanitazama kuanzia kwenye mtandio hadi viatuni.

"Udi wote huu saa hizi wa nini?" akasema. "Leo umekoga wewe?"

Sasa fikirieni. Nikisema ndiyo, nimemdanganya mtu mzima aliyekwisha kujua. Nikisema la, mama yangu yuko Changamwe anatazama, na majirani zake wamekuja kutazama naye. Mdomo ukafunguka, neno halikutoka. Nyusi moja ikapanda, ya pili ikakataa kuifuata. Nikaitazama kamera.

Kuna kitu ambacho wasiofanya kazi hii hawakijui. Matangazo yale yalipitia kwenye mkoba wenye laini za simu, kwa hiyo kila nilichosema kilifika studio kimechelewa sekunde mbili tatu, na cha kwao kilinirudia na kuchelewa kwake. Mafunzo ni kwamba ukiwa unasubiri, usitikise uso. Ndiyo maana ripota akiulizwa swali hukaa ametulia vile kabla ya kujibu. Basi mimi nilikuwa nimeganda na uso ule ule, nasubiri studio waniokoe, na kilichonifikia sikioni hatimaye ni kicheko cha mtangazaji. Mpiga picha naye, badala ya kubaki kwa bibi, akanivuta mimi karibu mpaka nikajaa skrini nzima.

Bibi hakunyamaza. Aliendelea, na ilisikika hewani vizuri tu: "Maana mimi nna mgonjwa ndani, wiki ya pili hii, namkogesha mai ya chumvi, ngozi yamwasha usiku kucha. Hiyo ndiyo hali."

Kabla sijafika nyumbani, kuna aliyekuwa ameirekodi televisheni yake kwa simu na kuirusha Twitter, na kipande chake kinaishia kwenye "umekoga wewe?" na uso wangu. Yaliyobaki mnayajua: akiulizwa kodi na mwenye nyumba, mimi, akiulizwa ataoa lini, mimi. WhatsApp walikuwa wameleta stika miezi michache tu kabla, mwishoni mwa 2018, na kila mwenye simu alikuwa anatafuta cha kukata. Stika sharti iwe mraba wa pikseli 512, isizidi kilobaiti 100, na nyuma pawe patupu. Aliyenikata alikata kwa ustadi. Mitungi ikaenda, kisima kikaenda, baraza na watu wake wakaenda. Bibi mwenyewe alibaki kipande cheusi cha buibui begani kwangu, ambacho wengi hudhani ni mtandio wangu.

Tuktuk moja ya Buxton iliandikwa UMEKOGA? nyuma kwa herufi nyekundu. Muuza sabuni mmoja akaniweka kwenye tangazo lake bila hata salamu. Yule bwana wa githeri, aliyesambaa mtandaoni akiila kwenye foleni ya kura ya 2017, aliishia kupewa nishani na Rais; mimi niliishia kuletewa miche ya sabuni na majirani, na kwa shida iliyokuwepo sikuikataa. Maji je? Lori lilifika Kibokoni wiki hiyo hiyo. Bosi akasema ni kazi yetu ile. Kijana aliyeshika mpira juu ya lori akaniambia ratiba yao ilikuwepo kabla.

Novemba 2022, ripota Alvin Kaunda wa KBC, televisheni ya taifa, alipochezewa uso na mkonga wa mwanandovu Kindani mbele ya kamera kule Nairobi, nilicheka mpaka machozi. Halafu nikaitazama tena, safari hii kwa kusikiliza. Alikuwa anazungumzia ukame.

Kwa bibi nilirudi kabla ya Ramadhani ya mwaka ule ule wa 2019, na kilo mbili za tende mkononi. Mgonjwa alikuwa mumewe. Nilimsalimia kupitia pazia, akaitikia kwa sauti nzima. Mjukuu ndiye aliyetoa simu kumwonyesha bibi yake stika. Akavaa miwani, akaitazama kwa muda.

"Na mimi ni wapi?"

Mjukuu akaweka kidole kwenye kile cheusi.

"Hili?" Akaisogeza simu mbali, akairudisha. "Ama niondoe, ama nitie mzima."

Mjukuu akaanza kumweleza kwamba haiwezekani, ishasambaa, haina mwenyewe. Bibi alikuwa ameshaacha kumsikiliza. Alitaka kujua inatumwaje. Akatoa simu yake mwenyewe kutoka chini ya mto, akaonyeshwa pa kubonyeza, na kabla sijamaliza chai alikuwa amemtumia mwanawe aliyeko Muscat, ambaye kwa maelezo yake alikuwa na mwezi wa pili hajatuma kitu. Jibu lilikuja hapo hapo, nalo ni stika, mzee mmoja mwenye kilemba anakimbia. Bibi akaniuliza maana yake nini. Nikamtazama mjukuu. Mjukuu akasema anaitwa nje.