Gobore la jiwe na ayala wangu wa kwanza

Babu yangu kule Sikonge, Tabora, alikuwa na gobore la fataki, kile kikofia cha kulipuka kinachogongwa na nyundo. Kazi yangu ilikuwa kumshikia mdeki tu, ile fimbo ya kushindilia. Kugusa kingine chochote, kofi.

Huku Pennsylvania, Marekani, nimekuta kuna msimu wa kuwinda ayala, mnyama afananaye na swala, kwa magobore, tangu mwaka 1974. Unaanza Desemba 26, wenye bunduki za kisasa wakiwa wameshapisha. Ila fataki hairuhusiwi. Lazima iwe gumegume: jiwe ligonge chuma, cheche ziangukie baruti kwenye kisahani, moto upenye kitundu uingie mtutuni.

Mwaka wa kwanza niliambulia moshi. Mchana nilimwaga baruti ya kisahani, nikaingia na gobore garini kula, hita imewashwa. Chuma kilichotoka kwenye theluji kikatoa jasho kama chupa ya soda. Jioni ayala jike akasimama hatua 40 kutoka nilipo. Kisahani kikawaka fuu! Mtutu kimya. Akanitazama, akaondoka zake wala hakukimbia.

Mzee jirani yangu alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanipa unyoya wa bata mzinga niuchomeke kwenye kitundu ninaposhindilia, nikishauchomoa njia ya moto ibaki wazi. Na gobore, akasema, likishapoa lisionje joto mpaka umemaliza mawindo.

Kushindilia kulinirudisha Sikonge. Baruti gramu nne na nusu hivi, kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta ya kondoo, juu yake risasi ya duara. Mtutu wangu ni wa nusu inchi, risasi ina inchi 0.490, upenyo unaobaki ni wa kitambaa, ndicho kinachokamata mifereji ya mtutu na kuizungusha risasi. Babu alipima kwa vidole mdeki uliobaki nje. Mimi nimeuchora alama, maana risasi ikining'inia mbali na baruti, mtutu unaweza kupasuka.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni uso wangu mwenyewe. Kisahani kinawaka karibu kabisa na jicho, na mwili unashtuka kabla risasi haijatoka. Kuanzia Septemba nilifunga kipande cha mti badala ya jiwe, gobore tupu, nikawa nalenga na kufyatua gereji kila jioni. Mke wangu aliniona nimechanganyikiwa.

Januari walikuja watatu, mimi nimeegemea mwaloni, vidole vya miguu sivisikii tena. Nilimngoja mmoja ageuze ubavu, hatua 30 tu. Risasi ya duara huchoka upesi, sitaki kumjeruhi mnyama akafie mbali. Nikafyatua, nikabaki nimelenga vilevile, sioni kitu ila moshi mweupe. Ulipotawanyika hapakuwa na ayala. Nikashindilia upya mikono ikitetemeka, nikafuata matone mekundu kwenye theluji. Alikuwa amelala mita 60 mbele.

Usiku ule, kabla ya kula, niliosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, maana masizi ya baruti hayangoji asubuhi, kutu inaanza. Maji yalitoka meusi yakinuka yai viza. Harufu ya koti la babu.

Nikatuma picha nyumbani. Shangazi akajibu: "Huyo mbuzi gani mwenye mkia mweupe?"

Nikamwambia ni jamaa yake ayala wa kwenye Zaburi.

"Haya. Na ini umempa nani?"