Jina Mlangoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili ni Yeremia 29:4-7.

Mdogo wangu yuko Leipzig, Ujerumani, mwaka wa saba sasa. Miaka yote hiyo amekaa chumba cha watu, sanduku uvunguni, nusu ya nguo humo humo. Ukimwuliza mbona hununui hata kabati: "Dada, mwakani narudi." Mwezi uliopita alipata nyumba yake ya kupanga. Kule nyumba nyingi hukabidhiwa tupu, jikoni hamna hata sinki, unanunua mwenyewe. Wiki mbili akapikia jiko la umeme la sahani moja, sakafuni. Jumapili akataka kutoboa ukuta atundike pazia, jirani akaja kumgongea kwa upole: leo hapigi mtu kelele. (Jumapili hiyo wanaitunza hata wasiokanyaga kanisani. Nilicheka.)

Kilichomshinda ni kidogo zaidi. Kwenye maghorofa mengi ya huko mtu wa posta hutafuta jina la ukoo kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Kibandiko alikuwa nacho tangu siku ya kwanza. Kikalala dirishani siku tisa. "Dada, nikikibandika, si ndiyo nimehama kwetu?"

Nikamsomea Yeremia. Watu walikuwa wameshachukuliwa Babeli, na Hanania akasimama hekaluni kutangaza: miaka miwili tu, wote watarudi. Nabii wa namna hiyo nani asiyempenda? Yeremia yeye akawaandikia barua: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni mzae. Miaka sabini. Aya ya 11, ile ya mawazo ya amani, tumeitundika sebuleni, tukisahau kwamba waliosomewa wengi wao wasingeiona Yerusalemu tena.

Sisi wa Tabora tusijifanye wageni wa jambo hili. Warundi waliokimbia mwaka 1972 wengine waliletwa Ulyankulu hapa, wakafyeka pori. Mzee mmoja wa huko aliniambia alikataa kupanda mwembe miaka na miaka, maana mwembe ni wa mtu anayekaa. Alipokuja kuupanda, wanawe walishaota ndevu. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi wale na uzao wao walipewa uraia wa Tanzania. Mzee hakunisimulia habari za cheti. Alisimulia maembe aliyoyakosa.

Kila Jumatano tunawaombea walio nje warudi salama, tena kwa machozi, mama yangu akiwa wa kwanza. Mji wanamoishi sijasikia mtu akiuombea, na barua ile inaagiza wazi: uombeeni kwa Bwana, maana katika amani yake nanyi mtapata amani. Kwenye simu ndiyo kabisa, sote ni akina Hanania: "Unarudi lini?"

Jina amelibandika. Katuma picha, limekaa upande kidogo. Mama aliitazama muda mrefu, akauliza kama kuna kibaraza, akanirudishia simu. Jumatano zamu yake ya kuomba ilipofika alitaja mvua, tumbaku, wagonjwa, kisha akanyamaza. Jina la mji lilimpiga chenga.

"Na ule mji wa mwanangu, Bwana," akasema. "Na yule jirani wa pazia."