Kumbukumbu ya mradi wangu: weusi kidogo katika chumba cha krimu

Kabla ya kuanza

Chumba changu cha kulala hapa Tanga kina kuta za krimu, vigae vya rangi ya mchanga, pazia jeupe na kitanda cha paini kisichopakwa rangi. Dirisha linatazama mashariki, na mwanga wa asubuhi hufika hadi pembeni kabisa. Napenda weupe huo na sitaki kupaka kuta upya. Shida ni kwamba jicho halipati pa kutua: kitanda kinamezwa na ukuta, shuka zinamezwa na pazia, na ikifika saa nne chumba kizima kimepooza. Nataka giza kidogo, na nataka lije kwa samani.

Jambo hili pwani tunalo siku nyingi. Ukiingia nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, kuta zimepigwa chokaa, vidaka (vishubaka vya ukutani) ni vyeupe, halafu juu unaona boriti za mikoko, mlangoni mbao za kuchonga, na chini kasha la njumu (misumari ya shaba ya urembo) au kiti cha enzi cha mpingo. Boriti za mikoko si ndefu, ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3. Mle ndani kitu cheusi huachiwa nafasi yake. Kila kimoja kina weupe pande zote, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Nimeamua kufuata hilo.

Kipi kiwe cheusi?

Sikununua kitu kwanza. Nilichukua kaniki, kile kitambaa cheusi, nikawa nafunika samani moja baada ya nyingine, naiacha kutwa nzima, naitazama asubuhi na jioni.

Kabati la nguo lilikataa mara moja. Linakaribia dari na limeelekea dirisha, kwa hiyo ndilo linalorudisha mwanga kitandani. Lilipovaa kaniki, upande wa kitanda uliingia kiza na chumba kikaonekana kimesogea ndani. Ubao wa kichwani nao ulikuwa mzito mno juu ya mito myeupe. Lakini kijimeza cha kando ya kitanda kilipofunikwa, ukuta uliokuwa nyuma yake ulionekana msafi zaidi, kana kwamba umepakwa jana. Vivyo hivyo miguuni pa kitanda, nilipotandika kaniki juu ya boksi la ukubwa wa kasha.

Sababu yake imeandikwa zamani. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, na watu walimlalamikia kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alipochunguza, nyuzi hazikuwa na kasoro. Kilichozidhoofisha ni rangi zilizofumwa jirani yake. Kazi yake juu ya jambo hilo ilichapishwa 1839. Kwangu mimi maana yake ni hii: nikitaka krimu yangu ing'ae, si lazima niiguse. Nabadilisha jirani yake.

Basi nimeweka mpaka. Vitu vyeusi vitatu, vyote vikae chini ya usawa wa kizingiti cha dirisha, isipokuwa fremu ya kioo.

Kasha

Nimelipata kwa muuza samani kuukuu. Ni la msaji, lina njumu za shaba na droo ndogo chini, mbao zimeiva hadi karibu na weusi. Nikalipeleka kwa fundi seremala mmoja mzee nikiwa na nia ya kulipiga msasa na vanishi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili usilikwangue. Weusi huu ni wa mafuta na miaka. Ukifika mbao mbichi utakuta kahawia, na weusi ndio umekwenda."

Nilimsikiliza. Amekaza bawaba na kurudisha njumu zilizolegea, basi. Nyumbani nikalifuta kwa kitambaa chenye unyevu, likakauka kivulini, nikapitisha mafuta ya kitani kidogo sana, nikafuta yaliyobaki. (Matambara ya mafuta haya yatandazeni nje yakauke. Yakikunjwa na kurundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kushika moto.) Shaba nimeing'arisha kwa limau na chumvi kwenye vichwa vya njumu tu, nikafuta kwa maji. Mashimo yaliyochongwa nimeyaacha na giza lake, maana ndiyo yanayoonyesha nakshi.

Kijimeza: siki na chuma

Hii ndiyo kazi niliyoifurahia kuliko zote. Kijimeza ni cha paini, mbao laini, na sikutaka rangi ya mafuta inayofunika mishipa ya mbao. Kuna njia ya mafundi: waya wa kusugulia sufuria unaoshwa kwa sabuni kuondoa mafuta, unachanwachanwa, unalowekwa kwenye siki nyeupe siku chache. Kifuniko kiachwe kimelegea kwa sababu mchanganyiko hutoa gesi. Maji hayo ya chuma yakikutana na tanini (kile kitu kikali kilichomo kwenye mbao na majani ya chai), mbao hugeuka nyeusi zenyewe.

Paini ina tanini kidogo mno. Dawa yake ni chai ya rangi, ichemshwe iwe kali, ipakwe kwanza na iachwe ikauke. Nilijaribu chini ya droo kabla ya kugusa juu. Pasipo chai, mbao ilitoka kijivu cha majivu. Palipopakwa chai mara mbili, iliingia kijivu, ikapita zambarau iliyokolea, ikatua kwenye weusi ambao mishipa yake bado inasomeka. Yote hayo yalitokea nikiwa nimesimama na brashi mkononi. Baadaye nimepiga msasa laini na vanishi ya mng'ao wa kati. Yenye mng'ao mkali ingeakisi dirisha lote na kuonyesha kila mkwaruzo. Isiyong'aa kabisa hushika alama za vidole, na kijimeza cha kitandani kinaguswa kila usiku.

Kupanga

Kasha liko miguuni pa kitanda, nimeliacha kiganja kimoja mbali na godoro ili weupe wa shuka uonekane nyuma yake. Kijimeza kiko upande wa mbali na dirisha. Miguu yake ni myembamba, vigae vinaonekana chini yake, na hilo linapunguza uzito. Juu yake nimeweka taa yenye balbu ya mwanga wa manjano. Chini ya balbu nyeupe, weusi wa siki huelekea ubuluu.

Vumbi linaonekana upesi juu ya weusi, hasa siku za upepo. Kitambaa kikavu kinakaa droo ya kwanza ya kasha.

Kilichobaki

Fremu ya kioo. Fundi ana vipande vya mpingo, vyembamba na vifupi kama ulivyo mti wenyewe, na anasema vinatosha pande nne vikiungwa kwenye kona. Pia natafuta mkeka wa ukindu wenye milia myeusi, uwekwe kati ya kasha na mlango. Kabati la nguo linabaki krimu.